Watu wa pikipiki kwenye mazishi ya mwanajeshi huku Marekani, tuwakubali?

MdawidaTX:
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri wa haraka kwa walio huku Marekani, hasa Texas. Baba yetu mdogo amefariki wiki iliyopita. Alikuwa Army miaka mingi, Iraq alienda, akastaafu, na tunamzika Jumanne pale Dallas-Fort Worth National Cemetery, makaburi ya taifa ya wanajeshi, kwa sababu mwenyewe aliacha amesema azikwe na wenzake. Hilo peke yake limeleta maneno huko Voi, wazee wanauliza inakuwaje mtu mwenye shamba anazikwa ugenini, lakini hayo tumeyamaliza, au tuseme tumeyanyamazia.

Sasa leo yule jamaa wa mochari anayetushughulikia kamuuliza mama mdogo kama angependa Patriot Guard Riders waje. Mama akasema ndio, ndio, akakata simu akanipigia mimi kuniuliza ni kina nani hao. Nimetafuta picha naona wazee wa kizungu, ndevu mpaka kifuani, vizibao vya ngozi vimejaa mabeji, pikipiki kubwa kubwa na bendera nyuma. Nikatupia kwenye grupu la familia na baba mkubwa karudisha voisi noti ndefu sana, kifupi ni kwamba hataki fujo za boda boda kwa mazishi ya ndugu yake.

Wanalipwa? Wanapikiwa? Watapiga honi? Na hayo mabuti wataingia nayo kanisani? Mama mdogo anasubiri jibu kwangu na mimi sina.

DadaArlington:
Poleni sana kaka, Mungu awatie nguvu. Mimi ni Mtanzania, mume wangu alifiwa na baba yake aliyepigana Vietnam na hawa watu walikuja. Hawalipwi hata senti, na ukitoa hela wanakataa. Fujo hakuna. Nilifika kanisani mapema nikawakuta wameshajipanga mistari miwili kutoka barabarani mpaka mlangoni, kila mtu kashika bendera kubwa, na lilikuwa jua lile la Agosti la Texas mnalijua. Palikuwa na babu mmoja mkono unamtetemeka, mti wa bendera kaukita kwenye mkanda wa suruali ili usiyumbe, mwingine akaja kumnong'oneza nadhani alikuwa anamwambia akapumzike, babu akatikisa kichwa basi. Gari la maiti lilipofunguliwa mtu akatoa neno moja kwa sauti ya chini na mikono yote ikapanda kupiga saluti taratibu mno, yaani si kwa kukurupuka. Mama mkwe ambaye alikuwa hajalia tangu siku ya kwanza ndo akalia pale.

Kanisani hawakuingia mpaka tulipowaita, na waliingia wachache tu. Wakatangulia mbele ya msafara mpaka makaburini, wakasimama tena, wakamshika mkono mjane mmoja mmoja, wakaondoka. Chakula tuliwaambia karibuni, hawakuja hata mmoja. Maji ya chupa wanachukua.

SajiniMstaafu:
Pole ndugu MdawidaTX. Mimi niko nao mwaka wa kadhaa sasa, Mkenya pia, jeshini niliingia kupitia ile programu ya MAVNI, ya kuandikisha wageni, walipokuwa wanatafuta wanaojua lugha kama Kiswahili. Nijibu ya muhimu.

Hawaji bila familia kuwaalika, hiyo ndio sheria yao ya kwanza. Mama mdogo akisema hapana hakuna atakayeonekana na hakuna atakayekasirika. Akisema ndio, kiongozi wa msafara wa siku hiyo atawasiliana na mochari au na familia na kuuliza mnataka nini: wasimame tu na bendera? wasindikize gari? wakae mbali? Mkitaka injini zizimwe kabla hamjafika mwambieni, wamezoea. Idadi siwezi kukwambia, siku ya kazi wanaweza kuwa kumi au arobaini, inategemea nani kapata ruhusa kazini, ingawa wengi ni wastaafu kwa hivyo Jumanne si tatizo.

Pia si lazima uwe mwanajeshi wala uwe na pikipiki ndio ujiunge. Mimi naenda na Toyota yangu, bendera naipata hapo hapo.

BodaWaKisii:
Pole kwa msiba lakini baba mkubwa aache kutuchafulia jina 😂 sisi tukizika mwenzetu ni lazima tuwashe, mtu asimame kwa kiti, honi mpaka kaburini, hio ndio heshima yake, akipelekwa kimya kimya watu watasema alikuwa hana wenzake. Sasa nauliza, hao wazungu wakisimama kimya wanakuwa wanalinda nini? Ama ni shoo tu?

SajiniMstaafu:
@BodaWaKisii swali zuri, kwa sababu mwanzoni kelele zilikuwepo, na zilikuwa na kazi. Miaka ile ya vita vya Iraq kulikuwa na kanisa dogo la Topeka, Kansas, linaitwa Westboro Baptist, la familia moja hasa, mchungaji wao akiitwa Fred Phelps. Walikuwa wanakwenda kwenye mazishi ya askari waliokufa vitani wakiwa na mabango kwamba Mungu ndiye amewaua kwa sababu Marekani inavumilia mashoga. Fikiria mama anamzika mtoto wa miaka 20, ng'ambo ya barabara mtu ameshika bango la kushukuru Mungu kwa kifo chake. Na askari mwenyewe hata hakuwa shoga, haikuwahusu, walitaka kamera tu.

Basi mwaka 2005 waendesha pikipiki wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani, hapo hapo Kansas wakasema imetosha. Hawakuwapiga. Waliweka miili yao na bendera katikati, familia isione mabango, na wale wakianza kuimba na kupiga kelele pikipiki zinanguruma mpaka zinawafunika. Likasambaa nchi nzima haraka sana, ndio hao Patriot Guard Riders. 2006 Rais Bush akasaini sheria ya kuzuia maandamano ndani ya futi 300 za geti la makaburi ya taifa, lisaa limoja kabla na lisaa limoja baada ya mazishi, na 2012 ikakazwa zaidi, masaa mawili. Lakini baba wa kijana mmoja wa Marine aliyefia Iraq aliwashtaki Westboro akidai fidia, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 2011 majaji 8 kati ya 9 wakasema ni uhuru wao wa kusema. Mimi roho iliniuma, ila ukikaa ukafikiria, ile ilionyesha kwamba dawa ilikuwa ile ile ya kusimama katikati.

Siku hizi waandamanaji ni nadra kuwaona. Watu wameendelea kusimama hata hivyo, sasa ni kwa ajili ya heshima, na wanaozikwa wengi ni wazee wa Vietnam na wa Korea waliokufa kwa maradhi vitandani mwao.

Nyerere_Mtaa:
Mimi naona tofauti kidogo. Nchi tajiri kuliko zote, mtu kaitumikia maisha yake yote, halafu raia wajichange mafuta yao kumzika? Serikali iko wapi?

SajiniMstaafu:
Serikali ipo mkuu. Kaburi, kuchimba, kufukia, jiwe la jina, bendera, vyote bure kwenye makaburi ya taifa, na mke anaweza kuzikwa hapo hapo. Tangu 2000 sheria inataka angalau askari wawili wenye sare waje, wakunje bendera pembetatu, wampe mjane kwa niaba ya Rais na taifa, na ipigwe Taps, ule wimbo wa tarumbeta wa kumuaga askari. Wawili tu lakini! Wapiga tarumbeta wenyewe hawatoshi, mara nyingi kuna kimashine kimefichwa ndani ya tarumbeta, askari anabonyeza na kuiweka mdomoni. Sasa fikiria veterani asiye na ndugu, mwili umekaa bila wa kuuchukua, anazikwa na askari wawili na mtu wa mochari. Hapo ndipo hawa wa pikipiki wanakuwa familia, tangazo linatoka, watu wasiomjua wanajaa mpaka nafasi ya kupaki hakuna. Usiite kujichanga, hakuna aliyelazimishwa.

MdawidaTX:
Asanteni sana, nimemsomea mama mdogo yote. Amesema waje, injini wazime getini. Baba mkubwa bado kanuna ila ameuliza kama itakuwa laivu kwenye simu, kwa hivyo kapoa. Imebaki moja: kuna dada anatoka Mombasa na udongo wa shambani, wazee wanataka umwagwe kaburini jeneza likiteremshwa. Inawezekana?

SajiniMstaafu:
Hapo niwaandae. Makaburi ya taifa kwa kawaida hampelekwi kaburini kabisa. Ibada inafanyika kwenye banda, kama dakika 20, jeneza linabaki pale mnaondoka, wafanyakazi wanazika baadaye, mnaweza kurudi siku hiyo hiyo jioni kuona kaburi. Kwa hivyo hakuna kuteremsha wala kuchukua jembe, na wazee wetu hiyo inawaumiza kama hawajaambiwa mapema, waambieni leo. Huo udongo mpeni jamaa wa mochari auweke ndani kabla hajafunga, kapakiti kadogo tu.

Ulizeni pia kama kutakuwa na bunduki, kwa sababu aliyestaafu kabisa anaweza kupata kikosi kikubwa zaidi na zinafyatuliwa hewani mara tatu. Mama mdogo ajue kabla. Na kama ni saa nne ni saa nne, nyuma yenu kuna familia nyingine imepangiwa banda hilo hilo, wale wa pikipiki watakuwa wamefika saa tatu. Wapigieni simu shemeji na mabinamu wote wanaotoka mbali, waambieni saa tatu unusu, na yule anayechelewaga mwambieni saa tatu kamili.

DadaArlington:
😂😂 yule kila familia yupo. Kaka nitumie inbox saa na geti, mimi na mume wangu tutakuja.