Mrejesho: wanafunzi wa usanifu majengo na michoro ya ujenzi

Wakuu, niliuliza nifanyeje na wanafunzi wanaochora ramani za kuvutia, lakini ukiwaambia wachore mkato wa dirisha (yaani dirisha linavyoonekana likipasuliwa toka juu hadi chini) kwa skeli ya 1:5 (sentimita moja mchoroni ni tano halisi) wananakili tu mtandaoni.

Mmoja wenu alisema wafuate tone la mvua kwa kalamu nyekundu, kuanzia juu ya ukuta hadi linapodondoka. Aisee, imesaidia! Wengi walikwama kwenye kizingiti cha chini cha dirisha: hakina mteremko wa kuelekea nje, wala kijifereji chini yake cha kukata maji, basi mstari mwekundu ukarudi moja kwa moja ukutani. Sikuhitaji kueleza, walifuta wenyewe.

Ule ushauri wa kumpa fundi asome mchoro huku mwanafunzi amenyamaza nao ni mzuri, ila unauma. Fundi aliuliza, "Hii fremu inashikwa na nini?" Kimya. Siku hizi skrubu zinaonekana kila mchoro.

Waliosema kompyuta ipigwe marufuku, hapo sijakubali. Nairuhusu mchoro wa mkono ukishapita.

Vipimo ndiyo bado shughuli. Wanajaza namba kila kona, isipokuwa kile kipimo fundi anachokitafuta. Mwenye mbinu anisaidie.