Baba anampenda Tarzan wa Weissmuller, binti yangu hataki kumwona: naombeni ushauri

Wakuu, habari za leo. Mzee wangu ana miaka 79. Kwake Tarzan, yule mzungu wa msituni wa kwenye filamu, ni mmoja tu, mwigizaji Johnny Weissmuller, waliomfuata hawatambui. Nikampatia zile filamu ili aangalie na mjukuu wake wa miaka 13. Juzi tukaweka ya 1932. Mpagazi alipoporomoka gengeni na safari ikaendelea, binti akasimama: "Babu, mbona humu sisi tunakufa na hakuna anayelia?" Mzee akaomba nizime. Tangu hapo hazitaji tena, na kimya chake kinaniuma. Niziondoe, au ipo namna ya kuzitazama pamoja?

Mpenda Sinema: Pole mkuu. Binti ana haki, na aambiwe hivyo mbele ya babu yake. Kisha mweleze zilivyotengenezwa. Weissmuller hakuja Afrika kuzicheza. Msitu ule ni wa Marekani. Tembo walikuwa wa Asia, wakabandikwa masikio ya bandia wafanane na wa kwetu. Mandhari ya huku unayoyaona kwenye ile ya 1932 ni mabaki ya Trader Horn, filamu ambayo kampuni ya filamu ya MGM walikuja kuipiga Afrika Mashariki wakaitoa 1931. Mwongozaji wa zote mbili ni W. S. Van Dyke. Mtoto akiyajua hayo atatazama kwa jicho jingine.

Mwogeleaji: Mimi ningeanzia majini. Weissmuller alizaliwa 1904 Freidorf, leo ni sehemu ya Timișoara, Romania, akapelekwa Marekani akiwa mchanga. Mwaka 1922 akawa wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, kwa sekunde 58.6. Paris 1924 na Amsterdam 1928 zikampa dhahabu tano za Olimpiki. Wekeni ya 1939, ile anayoogelea na mtoto. Sehemu za chini ya maji zilipigwa Silver Springs, Florida. Ya 1934 itazame kwanza peke yako, ina kipande cha mtu kuogelea uchi.

Mama Wawili: Kaka, kabla ya filamu nyingine, muulize mzee alizionea wapi na alikuwa na nani.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimemuuliza jana usiku. Alizionea Tanga, na marehemu kaka yake, wakirudi nyumbani wanapiga ule ukelele wa Tarzan njia nzima. Akaniambia, "Sote tulitaka kuwa Tarzan. Wale wapagazi hatukuwatazama kabisa." Binti alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaja kukaa karibu na babu yake, akamwomba amfundishe ule ukelele. Jumamosi tunaweka ya 1939.