The Witcher 2: bado inafaa kuchezwa?

Swali: Wakuu, nataka kuicheza game hii kwenye PC kabla ya ile ya tatu. Nasikia maamuzi yana uzito lakini mapigano yanakera. Ni kweli?

Jibu: Maamuzi ndiyo roho yake. Mwishoni mwa sura ya kwanza, pale mji wa Flotsam, unachagua kwenda na Roche, kamanda wa kikosi maalumu cha mfalme, au Iorveth, kiongozi wa waasi wa kielf. Kwa Roche, sura ya pili unaichezea kwenye kambi ya jeshi la ufalme wa Kaedwen. Kwa Iorveth, uko mji wa Vergen, upande wa pili wa vita ileile. Misheni nyingi ni tofauti kabisa, kwa hiyo ukimaliza mara moja bado hujaiona yote. Na hakuna upande ulio safi: Iorveth anapigania wanaoonewa, huku mikono yake imejaa damu. Udhaifu ni sura ya tatu. Ni fupi mno, mambo mazito yanafungwa harakaharaka.

Jibu: Mapigano ni magumu zaidi mwanzoni, Geralt, mhusika unayemwongoza, akiwa hana ujuzi. Pigo la mgongoni linaumiza mara mbili, basi usikubali kuzungukwa: washa Quen (ishara, yaani uchawi, ya kujikinga), piga mara mbili tatu, bingirika, rudi. Quen ikiwa hai nguvu za ishara hazijazi, usiitegemee peke yake. Dawa hazinyweki katikati ya pambano; kaa utafakari, unywe Swallow, dawa ya kurudisha uhai, kabla. Wengi wanafia hapo.

Swali: Shukrani. Nichukue toleo gani?

Jibu: Enhanced Edition ya 2012. Ina uwanja wa mafunzo, na sura ya tatu imeongezewa misheni.