Katoni la Viberiti (Kikundi: NYUMBANI KIBOSHO DESEMBA 🎄)

Wifi: Shikamooni wakubwa. Nimeshafika na mtoto, sebule nimepiga deki, mti mpya tulionunua Arusha nimeusimamisha na taa zinawaka. Makorokoro ya juu ya kabati nimeyatupa kwenye shimo la taka jioni tunachoma

Kaka: Safi sana mama watoto 👏🏾

Dada: Wifi ngoja. Makorokoro gani??

Wifi: Kuna katoni la mafuta ya kula, lina viberiti vitupu na bati limeota kutu

Dada: 😳😳 USICHOME

Shangazi: Yesu wangu weee. Mwanangu hivyo sio takataka, kila kiberiti hapo ni mjukuu mmoja. Bibi alikuwa anakivalisha ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara za babu, chini anaandika mwaka, ndani anaweka punje moja ya kahawa ya msimu uliozaliwa halafu anafunga na uzi wa gunia anatundika. Ukitikisa inalia. Cha 1988 ndo cha mumeo, kina punje mbili maana alizaliwa kadogo Bibi akasema moja haitoshi 😂

Kaka: Aisee shangazi hiyo sikuwahi kuambiwa

Baba Mdogo: Na hilo bati lenye kutu ni nyota. Mzee aliikata kwenye debe kwa mkasi wa kupogolea kahawa, ikamchana kidole tukakatazwa kucheka. Ina ncha sita, ya tano iliharibika akaongeza

Dada: Kuna na cha 1997. Hicho Bibi hamruhusu mtu kukishika, anakitundika mwenyewe tawi la chini upande wa ukutani. Mdogo wetu hakumaliza hata mwezi. Picha yake hatuna, kanga aliyobebewa alizikwa nayo, mm nilikuwa darasa la tano nakumbuka kila krismasi nikilala namwona Bibi anarudi sebuleni na kibatari anakitikisa mara moja anakwenda zake kulala

Wifi: Jamani sikujua kabisa nisameheni. Niko shimoni hapa kuku wameshapekua kila kitu. Nimepata 13

Shangazi: Vipo 14

Dada: Angalia vizuri wifi

Wifi: Nimekipata chini ya majani ya mgomba. Kimelowa karatasi imebanduka. Lakini kinalia

Dada: Mwaka gani

Wifi: 97

Baba Mdogo: 🙏🏾

Shangazi: Kianike kivulini, jua litakikunja

Wifi: Bibi karudi jumuiya nimemwambia ukweli wote huku nimepiga magoti. Hajanigombeza, kakishika hicho kilicholowa kimya muda mreeefu halafu kaniuliza cha mwanangu kiko wapi, amezaliwa Agosti mpaka leo hamna aliyemletea kiberiti. Anataka na kahawa ya hapa hapa kihambani, ya dukani hataki

Kaka: Si mibuni tuling'oa tukapanda parachichi

Baba Mdogo: Imebaki miwili kule mferejini, sikuing'oa. Nenda sasa hivi ina nyekundu kidogo

Dada: Na karatasi ya sigara? Ukoo mzima siku hizi hakuna anayevuta

Shangazi: Hakuna anayevuta 😂😂😂

Baba Mdogo: Karatasi naleta mimi kesho. Msiniulize nimeitoa wapi