Panya walipata saratani, sisi je? Sakarini na karanga, naomba ushauri

Msagaji_Kla: Wadau, salaam. Sakarini (kitamu cha badala ya sukari) iliwapa panya saratani ya kibofu, sumukuvu ya karanga (aflatoksini, sumu ya ukungu) ikawapa ya ini. Anayesaga binyebwa (karanga) vya kuuza hapa Kampala ajuaje kipi kinamhusu mlaji?

MkemiaMbale: Anza na dozi. Panya walilishwa sakarini asilimia 5 ya chakula na zaidi; kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni takriban gramu 150 kwa siku. Nani anakunywa chai hiyo? Kisha uliza saratani ilikujaje. Mkojo wa panya dume una protini na chumvi nyingi, sakarini ikagandisha chembe zilizokwaruza kibofu. Mkojo wetu haufanyi hivyo. Ndiyo maana IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliishusha mwaka 1999 kutoka Kundi la 2B (huenda inasababisha saratani kwa binadamu) hadi la 3 (haiwezi kuainishwa).

Mama_Maabara: Sumukuvu ni habari nyingine kabisa. Panya wa aina kubwa (rat) walipata uvimbe kwa mikrogramu 100 tu za B1, aina kali zaidi ya sumukuvu, kwa kilo ya chakula, panya wa aina ndogo (mouse) wakastahimili: ini lao lina kimeng'enya kinachoizima sumu kabla haijashika DNA. Chetu ni dhaifu, kwa hiyo tusijipime kwa panya mdogo. Tena kuna ushahidi wa binadamu, iko Kundi la 1 (inasababisha saratani kwa binadamu).

Piga hesabu: gramu 50 za binyebwa zenye B1 mikrogramu 20 kwa kilo ni mikrogramu 1, yaani nanogramu 17 kwa kilo ya mlaji wa kilo 60. Kwa makadirio ya 1998 ya JECFA (kamati ya wataalamu wa FAO na WHO kuhusu viongezwa vya chakula), watu 100,000 wakila hivyo kila siku, saratani ya ini kwa mwaka haifiki hata moja. Wakiwa na virusi vya hepatitisi B (homa ya ini), ni 5 hivi. Watoto wetu wanachanjwa tangu 2002. Waliozaliwa kabla, wapimwe.

Msagaji_Kla: Nikikaanga vizuri?

MkemiaMbale: Kukaanga hupunguza, hakumalizi, na ukishasaga huwezi kuchambua tena. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi kabla ya moto. Usinunue zilizoloweshwa maganda ili zimenyeke upesi. Unyevu huo ndio ukungu unaungoja. Unyevu wa punje usizidi asilimia 7.

Mama_Maabara: Na sampuli usichote juu ya gunia moja. Punje chache mbovu hubeba karibu sumu yote, ukizikosa cheti kitatoka safi. Choma bambo (chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli) juu, kati na chini ya kila gunia, changanya, saga zote, ndipo upime. Kikomo cha Afrika Mashariki: jumla mikrogramu 10 kwa kilo, B1 5.