Tupeane uzoefu: nini kilikusaidia kuimba karaoke vizuri?

Wadau, habari za jioni. Nafungua mimi, nanyi mniongezee.

Nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka 12, sauti ya pili. Kwenye kwaya ukiishiwa pumzi, jirani yako anashikilia noti mpaka urudi. Kwenye karaoke hakuna jirani. Mwaka jana, baa moja ya Sinza, nilichagua ule wimbo wa Whitney Houston wa 1992, "I Will Always Love You", unaoanza kwa sauti tupu, ala zinakuja baadaye. Nikaanzia pale sauti iliponijia. Ala zilipoingia zikanikuta niko chini yake, ikabidi nipande ghafla. Nikajikaza. Halafu karibu na mwisho, baada ya ule ukimya na pigo la ngoma, muziki wote unapanda tena toni nzima. Koo likafunga. Niliweka maiki chini wimbo haujaisha, na iliniuma wiki nzima, maana napenda mno kuimba.

Aliyenisaidia ni kijana wa mitambo. "Dada, mbona hukuniambia nikushushie kii?" Kii ni kimo cha wimbo, yaani uko juu au chini kiasi gani kwa sauti. Sikujua kama inawezekana. Mashine na programu nyingi za karaoke zina kitufe cha kushusha au kupandisha, nusu toni kwa nusu toni (kila moja ni hatua), na mwendo wa wimbo haubadiliki. Siku hizi nikitaka wimbo mpya naanza na pale pa juu kabisa, mara nyingi kiitikio cha mwisho. Nakiimba jikoni mara tatu mfululizo. Koo likikaza nashusha hatua mbili, narudia. Wengi tunajipima kwa ubeti wa kwanza, ambao kwa kawaida uko chini, ndiyo maana tunakwama mbele. Kii ikishapatikana naiandika kwenye daftari pamoja na maneno, na kwa kalamu nyekundu naweka alama ya mkwaju (/) kila pa kuvuta pumzi.

Wewe je?

— Mdau wa Mombasa —
Mimi kilichonisaidia ni namna ya kushika maiki. Nilikuwa nakishika kichwa chake chote kwa kiganja, kama wanavyofanya wasanii wa rap. Sauti ikawa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, na spika zikapiga mluzi. Fundi akanieleza: maiki za jukwaani zina matundu nyuma ya ule wavu, ndiyo yanayoisaidia isinase sauti za upande wa nyuma. Ukiyaziba, inanasa kila kitu hadi spika zenyewe. Shika mpini. Vidole viwili kutoka mdomoni, ukipaza sauti isogeze mbali kidogo.

— Mdau wa Nairobi —
Nilifanya mazoezi nyumbani miezi miwili, kila mara nachelewa mdundo. Nikaamini sina masikio. Kumbe spika ya Bluetooth ndiyo inayochelewesha sauti. Nilipounganisha kwa waya, siku hiyo hiyo nikaingia sawa. Jamani, msijilaumu kabla ya kuangalia vifaa.

— Mdau wa Muscat —
Kazini nina wenzangu Wafilipino. Kwao karaoke ni ya nyumbani: siku ya kuzaliwa, Ijumaa ya mapumziko, wote wanaimba, bibi na mtoto. Nilichojifunza kwao ni kutazama watu. Maneno wameyahifadhi, skrini wanaitupia jicho mwanzo wa ubeti tu. Nilihifadhi wimbo mmoja hivyo, nikaimba nikimtazama mke wangu. Hakuna aliyeshika simu meza nzima.

— Mdau wa Mbeya —
Nina sauti ya nne, nzito. Nyimbo zote za bongo fleva naona ziko juu. Ijumaa napanda kwa mara ya kwanza, nishusheje?

— Mwanzisha mada —
Kaka, zikiwa juu mno usishushe hatua moja moja. Jaribu kuimba oktava nzima chini (noti zile zile, ila kwa sauti nzito) kwenye kii ile ile, kisha pandisha kii hatua mbili tatu mpaka beti zisikike. Mwambie wa mitambo kabla hujapanda, siyo ukiwa umeshika maiki. Na usinywe kitu cha baridi kabla, maji ya uvuguvugu yanatosha. Jumamosi uje utuambie ilikuwaje.