Sabufa kwenye gari: tupige marufuku ama tuelewane? Mimi nasema dirisha la jirani ndio mita

Jamani tuongee hili jambo wazi wazi. Mtaani kwetu hapa Mombasa mkutano wa nyumba kumi uliopita uliisha kwa kelele, wazee wanataka gari lolote lenye sabufa, ile spika kubwa ya besi, lisilale ndani ya mtaa, vijana nao wanasema gari ni langu, mafuta natia mwenyewe, nani atanipangia mziki. Mimi niko katikati kwa sababu nina sabufa na naipenda, na pia nimeona inachofanya kwa jirani. Kwa hivyo nauliza, kosa ni kufunga chombo ama ni jinsi kinavyopigwa?

Kwanza wasiojua waelewe kwa nini mtu anafunga. Vigari vyetu vingi vimetoka Japani vimetumika, Vitz, Demio, Probox, na redio yake ya kiwandani inakuja na FM ya kwao inayoishia 90, stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo. Unafungiwa kile kidude cha kuhamisha masafa, sawa, unapata stesheni, lakini mziki wenyewe umekauka. Redio kama hiyo inatoa wati 15 hivi hadi 20 za kweli kwa kila spika, hata kama imeandikwa 50 mbele, na spika ya mlangoni ni karatasi nyepesi, ukiongeza besi inakoroma tu. Taarabu bila besi, ama bongo fleva bila besi, ni kama pilau bila bizari. Sitaki mtu aniambie huo ni uhuni.

Mimi redio sikung'oa, dashibodi yangu naipenda ilivyo. Fundi alichukua sauti kutoka kwa waya za spika za nyuma akaingiza kwenye amplifaya, akavuta waya mnene kutoka betri mpaka kwenye buti, boksi lililofungwa pande zote, sabufa ya inchi 10. Basi. Na ndani ya kigari kidogo besi inajaa yenyewe kwa sababu chumba ni kidogo, hauhitaji wati elfu moja, mie natumia kama 150 na kifua kinaskia. Anayefunga masabufa mawili ya inchi 15 kisha anafungua buti na vioo vyote hajifungii mwenyewe, anaifungia barabara.

(Hapa katikati niseme kitu kwa wanaofunga, tafadhali. Fundi wa kwanza aliyenifungia alipitisha ule waya wa betri kwenye tundu la bati bila mpira na bila fyuzi. Miezi miwili baadaye nikaanza kunusa plastiki, kufungua boneti nakuta ngozi ya waya imeliwa na ukingo wa bati, imebaki kidogo sana iguse bodi. Waya huo ukigusa bodi hakuna cha kuuzuia, betri inamwaga moto wote pale. Fyuzi ikae karibu na betri, nusu mita isipite, fyuzi iliyo kwenye amplifaya huko nyuma haikusaidii kitu kwa waya wa mbele.)

Sasa turudi kwa jirani. Usiku mmoja kama saa nne nimeegesha nje ya geti, vioo nimefunga, namalizia wimbo, sauti mimi naiona ya kawaida kabisa. Mama wa ghorofa ya pili akateremka, hakugomba, akaniambia mwanangu wacha mziki uendelee hivyo hivyo, njoo juu uskie. Nikapanda. Wallahi chumbani kwake wimbo hauskiki, maneno hakuna, ala hakuna, kuna dum, dum, dum peke yake, na kioo cha dirisha kinalia zzz kila besi ikipiga, na kifuniko cha sufuria jikoni kinaitikia. Mjukuu wake mchanga yuko macho. Nilishuka nikazima, na tangu siku hiyo sijibishani tena na mtu anayesema besi inamuumiza kichwa. Sauti nyembamba inazuiliwa na kioo na ukuta, besi ya herzi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, bati la gari na ukuta wa matofali haviisimamishi.

Na ndio maana hoja ya wale wanaosema "tupime kelele na mashine, ikiwa chini ya kiwango cha sheria basi" siikubali moja kwa moja. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka makazi, kwa nje, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza saa mbili. Lakini hizo namba ni za kipimo A, na kipimo A kinapunguza sauti za chini kwa sababu sikio letu haliziskii vizuri zikiwa ndogo. Kwa herzi 40 kinakata karibu desibeli 35. Yaani besi ya desibeli 80 inayotingisha dirisha inasomeka 45 kwenye mashine, mchana imepita halali! Kipimo C, namna nyingine ya kupima kwa mashine hiyo hiyo, kingekata 2 tu. Kijana atakuonyesha mita iko chini ya kiwango na mama hapumziki.

Kanuni hizo hizo zinasema pia tuangalie ni saa ngapi, makazi yako karibu kiasi gani, kelele inaweza kupunguzwa ama haiwezi. Hapo ndipo pa kushika, na Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, kwa hivyo tusingoje Nairobi.

Nimesoma majibu, naongeza. Kuna aliyesema "mbona matatu hamzigusi". Nazigusa, na kwangu ni mbaya zaidi, abiria amelipa nauli hakuchagua mziki, na makanga na dereva wako ndani kutwa nzima. Kwa desibeli 100 sikio linahimili robo saa hivi kwa siku, wao wanakaa masaa kumi. Mwingine anasema tukipiga marufuku tutakuwa tumemaliza. Hapana, utawanyima kazi mafundi wa redio na mwenye buti wazi atapigia mtaa wa pili.

Mkutano ujao naenda na pendekezo moja. Kila mwenye sabufa apande chumbani kwa jirani, mwenzake akae garini aongeze besi polepole, kioo cha dirisha kikianza kulia wapigiane simu, waweke alama kwenye kitufe. Baada ya saa mbili usiku hakuna kupita alama. Yangu nimeshaweka na yule mama mwenyewe, kipande cha tepu nyeupe, chini kuliko nilivyodhani, hata nusu ya kitufe haifiki. Yenu iko wapi?